Ada Kwanza, Bei Baadaye

Watu wengi wa Kitale walimwita Mwalimu bila kujua kama kweli alipata kufundisha. Mimi najua. Alinifundisha hesabu darasa la saba, katika shule moja ya msingi karibu na Myanga, na baadaye nikawa karani wake kwa miaka sita katika duka lake la lipa polepole. Ninayoyaandika hapa sikuyasikia kwa watu. Na niseme mapema: simheshimu. Nilimheshimu kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, na muda huo ndio unaoniuma.

Alikuwa mtu msafi, hakuna atakayekuambia vingine. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu, viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua za Aprili, Kitale nzima ikitembea na tope jekundu hadi magotini. Hakunywa pombe. Hakupandisha sauti. Askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, walipokuja dukani kuomba chai, aliwaonyesha leseni zake zote, amezibandika ukutani kwa mpangilio wa tarehe, kisha akawauliza kwa upole kama kuna nyingine wanayoitaka. Waliondoka mikono mitupu. Niliwahi kumwona akimkimbilia mteja mpaka stendi, na umri ule, ili kumrudishia shilingi hamsini alizozidisha.

"Pesa ya mtu ni pesa ya mtu," aliniambia aliporudi, akihema.

Nilimpenda sana siku ile. Wiki tatu baadaye mteja yule yule alikatwa mia sita kwa kuchelewa siku moja, na siku yenyewe ya kulipa ilikuwa Jumapili, duka limefungwa na Mwalimu yuko kanisani.

Darasani hakuwahi kutuchapa. Walimu wengine walikuwa na fimbo. Yeye alikuwa na ubao. Aliyekosea hesabu alisimamishwa mbele, akaambiwa aandike kosa lake kwa herufi kubwa, akakaa nalo hapo mpaka kengele ilie. Alipenda hesabu za faida na hasara kuliko zote. "Kama hutaki kuhesabu," alizoea kutuambia, "kuna mtu atakuhesabia." Sisi tulidhani anatuonya. Kumbe alikuwa anatueleza biashara atakayofungua akistaafu.

Biashara yenyewe ilikuwa maduka mawili, moja Kitale na jingine Bungoma, yenye makochi, matangi ya maji, pikipiki, cherehani na mashine za shambani. Unatoa arbuni, unabeba kitu, unalipa kila mwezi, na kitu kinabaki mali ya duka mpaka umalize shilingi ya mwisho. Wengi wa wateja wetu hawangeweza kununua kwa njia nyingine, na Mwalimu alilijua hilo, akalisema mara nyingi, kama mtu anayesubiri ashukuriwe.

Ofisini aliweka ubao mweusi, mdogo kidogo kuliko wa shuleni. Mteja mpya akija, alimwandikia bei, arbuni na idadi ya awamu, kwa chaki, polepole, akihakikisha kila namba imeeleweka. "Uliza tena," alimwambia. "Usione haya." Watu walitoka pale wakisema hawajawahi kuuziwa kitu na mtu mkweli namna ile. Na kila alichoandika ubaoni kilikuwa kweli. Riba yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtu yeyote mjini. Alijivunia jambo hilo mpaka akalitaja katika harusi ya mpwa wake.

Ada hakuziandika ubaoni.

Wateja waliziita chaji. Yeye alisema ada, na alitusahihisha tukikosea. Kulikuwa na ada ya kufungua faili. Ada ya kutembelewa, yaani yeye kupanda gari lake kwenda kuona kama kweli una boma, na akifika alikaribishwa chai na mayai. Ada ya kuchelewa. Ada ya kukumbushwa kwa simu. Ukinyang'anywa kitu, kulikuwa na ada ya kukibeba na ada ya yadi kwa kila siku kinayolala pale. Zote ziliandikwa kwenye mkataba, kifungu cha tisa, kwa Kiingereza, maandishi madogo. Na chini yake kulikuwa na sentensi moja ambayo yeye mwenyewe aliiita roho ya biashara: pesa yoyote atakayoleta mteja italipa kwanza ada anazodaiwa, na itakayobaki ndiyo itakayohesabiwa kwenye bei.

"Ada kwanza, bei baadaye," alinifundisha wiki yangu ya kwanza. "Ukikumbuka hilo, Nafula, hutakosea leja."

Sikuelewa uzito wake. Nilidhani ni utaratibu tu wa kuandika. Ilinichukua miaka kuona kwamba ndani ya sentensi ile ndimo watu walimopotelea. Sheria inasema kwamba mtu akishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, muuzaji hawezi tena kuja na lori akambebea kitu chake hivi hivi. Lazima aende kortini kwanza. Mwalimu aliijua sheria hiyo kuliko mawakili wengi. Ndiyo sababu kila shilingi mia tatu na hamsini ya simu ilikuwa na maana kwake. Mteja anadhani amelipa awamu kamili. Kwenye leja, awamu imemegwa, na theluthi mbili imesogea mbele kidogo. Mwezi ujao inasogea tena.

Kabla sijafika kwa Mama Wangui, lazima niseme jambo moja linalonikera, kwa sababu haliingii vizuri katika hadithi ninayotaka kuisimulia. Mwaka wangu wa tatu pale dukani, mama yangu alilazwa hospitali ya misheni kule Lugulu, akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Nilipokwenda kumtoa, niliambiwa bili imelipwa. Yote. Mwalimu alikuwa amepita pale Jumamosi akitoka Bungoma. Hakuniambia. Nilipomshukuru, alisema, "Mama yako aliwapikia watoto wangu wa shule uji mwaka wa njaa," akageukia faili zake. Hakunikata mshahara, hakulitaja tena. Nimejaribu mara nyingi kuliona tendo lile kama kamba aliyonifunga nayo. Sidhani alikuwa na nia hiyo. Alinitendea wema, basi, na kwa wema huo nikanyamaza miaka mingine mitatu.

Mama Wangui alikuwa mjane, mkulima, mtu wa familia zilizotoka Mkoa wa Kati zamani zikanunua mashamba upande wetu wa Trans-Nzoia. Alikuja dukani mwezi wa Agosti akitaka mashine ya kupukuchua mahindi, ile nyekundu yenye magurudumu na injini, inayokokotwa shamba kwa shamba. Alikuwa amefanya hesabu zake vizuri. Wakati wa mavuno kila mtu anatafuta mashine, na mwenye mashine analipwa kwa gunia. Bei ya mkataba ilikuwa laki mbili na elfu arobaini. Alitoa arbuni ya elfu sitini, noti amezifunga kwa kitambaa, na zilizobaki angelipa elfu kumi kila mwezi kwa miezi kumi na minane.

Mavuno ya kwanza alifanya kazi kama trekta. Alilipa awamu kumi na moja. Mara tatu alichelewa siku chache, na mara zote tatu alikuja mwenyewe kabla ya siku kufika, akakaa kwenye benchi, akaeleza. Hakuna aliyewahi kumpigia simu kumkumbusha. Lakini mwisho wa kila mwezi Mwalimu alipita nyuma ya meza yangu na kalamu nyekundu.

"Mama Wangui umempigia?"

"Hapana, Mwalimu. Ameshalipa."

"Andika umempigia. Kukumbusha ni kazi yetu. Kama hukumpigia ni wewe umezembea, lakini ada ni halali."

Nikaandika. Mara kumi na moja. Mwandiko ni wangu.

Agosti iliyofuata alikuja kusema ukweli wake: pesa ya mavuno imekwisha, mahindi mapya yako shambani bado, anaomba miezi miwili. Nilikuwepo. Mwalimu alimpa kiti.

"Hakuna shida, mama," alimwambia. "Mkulima namwelewa. Nenda ukapalilie."

Katikati ya Oktoba, siku ambayo barabara zote za kutoka mashambani zilikuwa na vumbi la magunzi, lori la yadi liliingia nyuma ya duka likivuta ile mashine nyekundu. Dereva, kijana wa Bungoma mwenye mwili mkubwa, alishuka akaja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Madam, hii mashine bado iko na mahindi ndani, bana. Tuliitoa ikifanya kazi. Huyo mama ameria mpaka nikasikia vibaya."

Nilitoka kuiangalia. Mahindi yalikuwa bado yamejaa mdomoni mwa mashine, meupe, nusu yamepukuchuliwa.

Mama Wangui alifika kesho yake asubuhi, risiti zote kumi na mbili ziko ndani ya pakiti ya unga. Alizipanga mezani kwa Mwalimu moja moja.

"Mwalimu, si uliniambia hakuna shida? Si ulinipatia kiti hapa hapa?"

"Nilikwambia nenda ukapalilie, mama. Sikukwambia usilipe."

"Nimelipa laki moja na elfu sabini. Nimeuliza watu. Wananiambia mtu akipita theluthi mbili huwezi kumchukulia."

"Wamekwambia kweli," alisema Mwalimu, na nikaona uso wake umechangamka, kama zamani mwanafunzi alipouliza swali zuri. Alisimama, akachukua chaki. Akaandika laki moja na elfu sabini. Chini yake akaandika ada, moja baada ya nyingine: kufungua faili elfu tano, kutembelewa elfu tatu, kuchelewa mara tatu elfu moja na mia nane, simu kumi na moja elfu tatu mia nane na hamsini. Akatoa. "Ulicholipa kwenye bei ni laki moja hamsini na sita elfu, mia tatu na hamsini. Theluthi mbili ni laki moja na elfu sitini. Umepungukiwa na elfu tatu, mia sita na hamsini. Hesabu haina huruma, mama. Hata mimi ingekuwa ni mashine yangu ningeumia."

Mashine ilikuwa yake. Ndiyo maana alikuwa ameichukua.

Mama Wangui aliutazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Nafula, mami, nihesabie. Pengine ni macho yangu mabaya. Ni simu gani hizi kumi na moja? Mimi sijaona simu yako hata siku moja."

Nilifungua leja nikajifanya natafuta. Mwalimu alikuwa akinitazama bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonishika. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa amenipima miaka mingi iliyopita, akapata jibu, na jibu lilikuwa sahihi: nilisema, "Zimeandikwa hapa, mama," nikafunga leja.

Alikusanya risiti zake akaondoka. Nikapiga hesabu kwenye kiganja changu kwa kalamu, kama mtoto wa darasa la saba. Ukiziondoa simu zangu kumi na moja, hata kwa leja ya Mwalimu mwenyewe, mama yule alikuwa amelipa laki moja, elfu sitini na mia mbili. Alikuwa amepita. Kilichomnyang'anya mashine ni mwandiko wangu.

Nilimkuta kwenye kituo cha pikipiki, amekalia jiwe, hajapanda. Nilimwambia yote. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa naandika tu, mama."

"Hapana. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Basi utakuja kusema mbele ya watu?"

Nilisema nitakuja. Jioni ile ile niliweka funguo za ofisi juu ya meza ya Mwalimu. Aliuliza kama nimepata kazi mahali pengine. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi unafanya makosa ya hesabu," na akarudi kwenye faili zake.

Wakili mmoja kijana, mwenye ofisi juu ya duka la dawa, aliichukua kesi kwa pesa kidogo akaipeleka mahakama ya hakimu. Akaniuliza mara tatu kama nitarudia maneno yangu nikiwa nimeapa, na mara tatu nikasema ndiyo, ingawa usiku sikuwa nalala. Kesi ilisogezwa, ikasogezwa tena. Kila wiki niliona mashine za watu wengine zikipita kwenda upande wa kwa Mama Wangui. Wateja wake hawakuwa na jinsi; mahindi hayangojei korti. Mwezi wa Desemba aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili bintiye arudi shule ya bweni.

Januari, siku ya kusikizwa, Mwalimu alikuja bila wakili, na leja yake kwapani. Nina hakika alikuja akitarajia kufundisha. Aliponiona nimeketi benchi moja na Mama Wangui alisimama kidogo mlangoni. Halafu akamwita wakili wetu nje. Hawakukaa dakika kumi. Mashine itarudishwa. Ada zote zitafutwa, za simu, za faili, za yadi. Mama atamalizia elfu sabini zake mavuno yakianza, bila nyongeza. Badala yake, mambo ya leja hayatasomwa mbele ya hakimu.

Mama Wangui alikubali. Mimi nilitaka akatae. Nilitaka nisimame niseme nilichojiandaa kusema, nisikike. Aliniona.

"Wewe unataka kuoshwa," aliniambia taratibu. "Mimi nataka mashine yangu."

Akapata mashine yake, imenyeshewa miezi mitatu, mkanda umeoza, injini imekwama. Akaitengeneza, akamaliza kulipa mwaka huo.

Nadhani ningeweza kumwachia Mwalimu heshima kidogo kama mambo yangeishia hapo. Mtu alijaribu kudhulumu, akashindwa, akakubali kushindwa. Lakini mimi na yeye tulisali kanisa moja, na Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Mwalimu alisimama. Shati jeupe, kalamu mbili. Akasema Mungu amesema naye juu ya wajane. Akasema wiki hiyo, bila kulazimishwa na mtu, amemsamehe mjane mmoja deni la elfu kumi na tatu na zaidi. Hakutaja jina, akasema, kwa sababu mkono wa kushoto haupaswi kujua. Watu walipiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Ati kuna watu wema bado, si unaona?" Mwalimu alikaa, akafuta macho kwa leso, na machozi yalikuwa ya kweli. Nilikuwa karibu, niliyaona. Alikuwa amekwisha kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Tangu siku ile nimemdharau kwa utulivu, namna mtu anavyojua njia ya kwao.

Miaka ilipita. Nilirudi Bungoma, nikafungua duka la vyakula vya mifugo pale Kanduyi, karibu na barabara. Nilisikia maduka yake yamefungwa. Siku hizi kijana anapata pikipiki kupitia simu, na akichelewa inazimwa kwa mbali, haihitajiki lori wala dereva wa kumhurumia. Mwaka jana, Jumanne moja saa nne asubuhi, mzee mmoja aliingia dukani, shati jeupe limechoka kolani, akasimama mbele ya magunia akisoma bei zote moja moja.

"Nafula," akasema. "Unaandika saba zako vibaya bado."

Nilimpa kiti. Alisema anafuga kuku wa mayai, arobaini na wawili. Alisema biashara iliharibika kwa sababu watu wamekosa uaminifu. Nikamuuliza kama anamkumbuka Mama Wangui.

"Yupi?"

"Mjane wa mashine ya kupukuchua."

Alifikiri kwa bidii, namaanisha kwa bidii kabisa, hakuwa anajifanya. "Ile nyekundu? Mashine naikumbuka. Ilikuwa na injini nzuri sana, ile. Mama mwenyewe..." Akatikisa kichwa. "Walikuwa wengi, Nafula."

Nilikuwa nimebeba maneno miaka yote hiyo, na hapakuwa na mtu wa kuyapokea.

Akauliza kama anaweza kuchukua gunia moja la chakula cha kuku, alipe pensheni ikiingia. Nikasema anaweza. Nikamtajia bei, ile ile iliyoandikwa kwenye gunia.

"Na juu yake?"

"Hakuna juu yake, Mwalimu."

"Ya kusubiri, basi. Ya kuandika."

"Hakuna."

Alinitazama kwa masikitiko, kama mtu anayemwona mwanafunzi wake wa zamani amesimama mbele ya ubao na jibu lililokosewa. "Ndiyo maana una duka moja," akasema.

Alilipa siku aliyosema atalipa, pesa kamili, zimenyooshwa. Akaomba risiti. Nikamwandikia. Alivaa miwani akaisoma kutoka juu hadi chini, akarudia, kisha akaigeuza kuangalia nyuma. Nyuma ilikuwa karatasi tupu. Aliendelea kuitazama pale mlangoni, juani, huku mwendesha pikipiki akimngoja.